Bei ya Kumbukumbu

Neno bandia lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni mwanasesere, mtoto wa kuchezea afanyizwaye kwa matambara, mti au udongo. Maana ya pili ni kitu kisicho cha kweli, kilichofanyizwa kifanane na cha kweli. Mtoto achezaye na bandia hasumbuliwi na maana hizi mbili. Ajua kuwa aliye mikononi mwake hali wala halii, na hata hivyo humlaza, humfunika na kumkanya asipige kelele. Usumbufu ni wa mtu mzima. Mtu mzima anunuapo bandia, akamvika mavazi ya kale, akamweka katika kabati la kioo na kusema kuwa amehifadhi sehemu ya historia, yafaa aulizwe amehifadhi nini: kumbukumbu yenyewe, au mfano wake tu?

Mahali pazuri pa kulipima swali hili ni Marekani. Mwaka 1986, katika jimbo la Wisconsin, Pleasant Rowland, aliyekuwa mwalimu na mtungaji wa vitabu vya shule, alianza kuuza wanasesere wa namna mpya. Badala ya mtoto mchanga wa kubebwa au mwanamke aliyekwisha kukomaa, alileta msichana wa miaka tisa hivi, mwenye kimo cha inchi 18. Kila msichana alikuwa na jina, zama zake, mavazi ya zama hizo, na vitabu sita vya hadithi ya maisha yake. Wa kwanza walikuwa watatu: Kirsten, mhamiaji kutoka Uswidi mwaka 1854, Samantha, yatima aliyelelewa katika utajiri mwaka 1904, na Molly, ambaye baba yake alikuwa vitani mwaka 1944. Baadaye wakafuata wengine, na mwaka 1998 kampuni ya Mattel ikainunua biashara hiyo kwa dola milioni 700. Watoto waliowapenda wanasesere hao wamekuwa watu wazima, na wengi wao sasa ni wakusanyaji, wajuao tofauti ya kifungo kimoja na kingine, na ya toleo la mwanzo na la baadaye.

Haifai kuidharau kazi hii. Vazi ni shahidi wa historia. Mwenye kulishika vazi la zamani, hata likiwa dogo, hujifunza jambo ambalo tarehe peke yake haimfundishi: jinsi lilivyofungwa, uzito wa kitambaa chake, na kama aliyelivaa aliweza kukimbia. Aidha, mfano uliofanyizwa kwa uangalifu humtia mfanyizaji katika nidhamu ya ukweli. Alipotengenezwa Kaya, msichana wa taifa la Nez Perce katika mwaka 1764, kampuni ilitaka shauri la watu wa taifa hilo. Wanasesere wengine wa kundi hili huonyesha meno ya mbele kwa tabasamu. Kaya alifumbwa mdomo, kwa kuwa katika desturi ya watu wake kuonyesha meno vile huhesabiwa kuwa dalili ya ugomvi. Hapa mfano ulikubali kusahihishwa na wale ambao ni mfano wao, na kwa kadiri hiyo ulikuwa bandia kwa maana ya kwanza bila kuwa bandia kwa maana ya pili.

Lakini yako mashtaka, na shtaka zito kuliko yote lamhusu Addy. Addy alitolewa mwaka 1993, na hadithi yake, iliyoandikwa na Connie Porter, yaanza mwaka 1864. Addy ni mtoto mtumwa. Baba yake na kaka yake wauzwa. Msimamizi wa shamba amlazimisha kula viwavi vya tumbaku ambavyo hakuviondoa majanini. Mama yake atoroka naye usiku na kumwacha nyuma mtoto mchanga, maana kilio chake kingewaponza. Hadithi haikuwafichia watoto uchungu, na hiyo ni sifa yake. Ila baada ya kukifunga kitabu, msomaji aliambiwa kuwa Addy anauzwa, na bei yake ndiyo hii. Mtoto ambaye ubaya wote uliompata ulitokana na kuhesabiwa bidhaa, alifanywa bidhaa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili lakwaruza moyo.

Mtetezi aweza kujibu hivi. Mwuza watumwa alimchukua mtu akamfanya kitu. Mfanyizaji wa wanasesere amekichukua kitu akakifanya mfano wa mtu. Njia zao zaelekea pande mbili. Yule alilifuta jina la mtoto, huyu amempa mtoto jina, mama, hofu na tumaini, na msichana aliyempakata Addy hakujifunza kumiliki watu, bali alijifunza kumhurumia mmoja wao. Jibu hili lina nguvu. Hata hivyo halimalizi neno, kwa sababu hatia isiyokuwamo katika kuuza mfano yaweza kuwamo katika namna ya kuupanga.

Namna hiyo yaonekana katika mambo mawili. La kwanza, vitabu sita vya kila msichana wa mwanzo vilifuata ngazi ile ile: kufahamiana naye, kujifunza kwake, Krismasi yake, siku yake ya kuzaliwa, ushujaa wake, na mabadiliko. Tajiri wa mwaka 1904 na mtumwa wa mwaka 1864 walipandishwa ngazi moja, na katika kila kidato palikuwa na vazi. Mpango kama huo humfundisha mtoto, bila kutamka, kwamba zama zote ni sawa na kwamba kila msiba una nguo yake. La pili, tangu mwaka 1993 hata 2011 Addy alikuwa msichana mweusi wa pekee aliyeuzwa na kampuni hiyo chini ya jina lake katika kundi la historia. Kwa miaka 18 mtoto mweusi aliyetaka kujiona katika kundi hilo alionyeshwa mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa utumwani. Hakuna ukurasa wa Addy uliosema uongo. Upungufu ulikuwa katika nafasi tupu za rafu. Mkusanyo wowote husema kwa vile ulivyo navyo, na husema pia kwa vile ulivyokosa.

Kit atoa mfano mwingine. Yeye ni msichana wa mwaka 1934, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na katika hadithi yake shangazi mmoja amshonea nguo kutokana na magunia ya chakula cha kuku, kwa kuwa fedha hazipo. Mtoto asomaye hayo na kuyatamani mavazi ya Kit hapewi gunia na sindano, huonyeshwa bei. Fundisho la hadithi ni uwezo wa mikono katika ufukara, na fundisho la duka ni uwezo wa mfuko. Yanapogombana mafundisho mawili, mtoto aghalabu hulishika lile linaloandamana na kitu cha kushikika.

Basi mkusanyaji afanyeje? Wahenga wamesema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wanasesere hawa, kitabu ndicho daftari. Addy asiyesomwa ni nguo nzuri juu ya plastiki na kitambaa. Kitabu chake kikisomwa na mtoto asiye na bandia yeyote, kimekwisha kutenda kazi yake. Kwa hiyo bandia ni mtumishi wa kitabu, ingawa dukani kitabu hufanywa mtumishi wa bandia. Mkusanyaji ajuaye kila kifungo na asijue ni nani aliyeachwa nyuma usiku ule, amekusanya vifungo.

Katika tawi moja la maktaba ya umma mjini New York, watoto walipata kumwazima Kirsten, mwanasesere mmoja kwa wengi, kama waazimavyo kitabu. Alikwenda katika nyumba ambazo wazazi wasingeweza kumnunua, na mikono mingi ikamchakaza. Kwa hesabu ya mkusanyaji, kila nyumba ilimpunguzia thamani. Kwa hesabu ya kumbukumbu ilimwongezea, maana kumbukumbu ni mali ambayo haipungui igawanywapo, na ambayo huharibika ifungiwapo.

Hukumu ya haki, basi, si kusema kwamba kununua mfano wa aliyeteseka ni dhambi. Fedha yaweza kununua udongo, uzi na karatasi bila kumdhulumu mtu. Kosa huanza pale mnunuzi adhanipo kuwa kwa kulipa bei amelipa deni. Bei humalizwa dukani siku moja. Deni kwa waliouzwa, waliohamishwa na waliovaa magunia laendelea, na hulipwa kwa kuijua habari yao, kuisimulia bila kuipamba, na kuuliza ni habari ya nani bado haijapewa nafasi rafuni. Mwenye kuyatenda hayo aweza kuwa na wanasesere mia au asiwe na hata mmoja, na daftari lake litakuwa sahihi.