Ujira Uliolipa Deni la Taifa

Februari 1979 Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, alizuru Maputo na kupokewa na Rais Samora Machel kama ndugu wa mapambano. Msumbiji ilikuwa haijatimiza miaka minne ya uhuru. Chama kilichoitawala, FRELIMO, kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walipata hifadhi na mafunzo Kongwa na Nachingwea. Katika ziara hiyo serikali mbili zilikubaliana kupeleka vijana wa Msumbiji kwenye viwanda vya Ujerumani. Wangekaa miaka minne, wajifunze ufundi, kisha warudi kulijenga taifa lao.

Vijana waliitikia kwa moyo mweupe. Mpaka mwaka 1990 walikuwa wamekwenda karibu 20,000. Walitawanywa kwenye viwanda vya nguo, migodi ya makaa ya mawe, machinjio na karakana. Baadhi yao waliamini kwamba wanakwenda shule. Ibraimo Alberto, aliyefika Berlin Mashariki mwaka 1981 na baadaye kujulikana kama bondia, alitamani kusoma. Akajikuta kwenye kiwanda cha nyama.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni hati ya mshahara. Marki 350 za mwanzo zilikuwa za mfanyakazi bila kuguswa. Kiasi kilichozidi hapo kilikatwa: mwanzoni asilimia 25, na katikati ya miaka ya 1980 makato yakapanda hadi asilimia 60. Chukua kijana aliyebakiwa na marki 700 baada ya kodi. Zile 350 za juu zilikatwa 210, akaondoka na 490. Aliambiwa kwamba hizo 210 ni akiba yake, zinatangulia nyumbani, na atazikuta Maputo kwa sarafu ya nchi yake. Fedha hizo hazikuvuka bahari. Zilibaki Berlin, zikahesabiwa kuwa malipo ya deni ambalo Msumbiji ilidaiwa na Ujerumani Mashariki.

Hapa ndipo linapozaliwa swali ambalo wachumi peke yao hawawezi kulimaliza. Ujira wa mtu ni mali ya nani? Je, taifa lina haki ya kulipa deni lake kwa jasho la kijana aliyeko kiwandani ugenini, hata kama taifa hilo ni maskini na deni ni la kweli?

Dini ambazo wasomaji wengi wa Kiswahili wamelelewa nazo hazikusitasita juu ya ujira. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inaagiza kibarua maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua, na inataja waziwazi kwamba agizo hilo linamhusu mgeni sawasawa na mzaliwa. Katika waraka wa Yakobo, ujira uliozuiliwa wenyewe unapaza sauti, na Mungu anaisikia. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kikamilifu, kisha akamnyima malipo. Aliyemwuza mtu huru akala thamani yake ametajwa katika orodha hiyohiyo. Kuwekwa bega kwa bega kwa makosa hayo mawili kunapasa kumshtua kila mwajiri.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa kwa haki. Msumbiji haikuwa nchi iliyokopa kwa anasa. Mwaka 1976 ilifunga mpaka wake na Rhodesia kuunga mkono vikwazo vya Umoja wa Mataifa, ikajikosesha mapato ya reli na bandari. Ikashambuliwa, ikaingizwa katika vita vilivyodumu hadi 1992. Taifa linalopigania uhai wake huwadai raia wake mengi. Huwadai hata damu. Iwapo mwanajeshi anaweza kuombwa maisha yake, kwa nini fundi wa kiwandani asiombwe sehemu ya ujira? Nyumba ikiwaka moto, hakuna anayeuliza ndoo ni ya nani.

Hoja hiyo ni nzito, lakini inaanguka mahali pawili. Kwanza, mwanajeshi anajua kwamba yuko vitani. Vijana hawa hawakuombwa mchango, waliahidiwa akiba. Kutoa kunahitaji mtoaji, na mtu asiyejua kwamba anatoa hajatoa chochote; amechukuliwa. Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant alieleza kwamba mwanadamu hapaswi kamwe kutumiwa kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na akatoa mfano wa mtu anayekopa kwa ahadi anayojua hataitimiza. Aliyedanganywa, anasema Kant, hawezi kuwa mshirika wa lengo ambalo limefichwa kwake. Ni vigumu kupata maelezo bora zaidi ya hati ile ya mshahara.

Pili, mzigo haukugawanywa. Deni lilikuwa la nchi nzima, lakini lilitwikwa kundi moja la vijana kwa sababu tu mishahara yao ilikuwa mkononi mwa mdai. Kodi inakuwa ya haki pale inapotozwa kwa kanuni moja inayojulikana na wote. Inapomfuata yule tu aliye rahisi kukamatwa, inakoma kuwa kodi.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo mikataba ya aina hii hulisahau. Mwaka 1944, katika Azimio la Philadelphia, Shirika la Kazi Duniani lilitamka kwamba kazi si bidhaa. Gunia la korosho likiuzwa, mkulima hubaki shambani kwake na gunia huenda peke yake. Kazi haiendi peke yake: mikono inayotakiwa kiwandani huja na tumbo, hasira, sala, mapenzi na ujana. Ujerumani Mashariki ilitaka mikono. Mengine iliyatengea mita tano za mraba kwa kila mtu katika hosteli zenye mlinzi mlangoni, ambako wageni waliandikishwa na wanawake walitengwa na wanaume. Mfanyakazi aliyepata ujauzito alikabiliwa na uchaguzi wa kuutoa au kurudishwa kwao, mpaka kanuni hiyo ilipolegezwa mwaka 1989. Mkataba uliohesabu zamu haukuwa na safu ya kuandika mtoto.

Magharibi mwa Ukuta wa Berlin, chini ya mfumo uliojiita huru, mkono uliendelea kutenganishwa na mwenye mkono kwa njia nyingine. Septemba 1964 Armando Rodrigues de Sá, seremala kutoka Ureno, alipokewa kwa bendi kwenye kituo cha reli cha Köln-Deutz, akazawadiwa pikipiki kwa kuwa mfanyakazi mgeni wa milioni moja. Baadaye aliugua, akarudi kwao, akiba yake ikaishia kwenye matibabu, na akafariki mwaka 1979. Pikipiki ile imehifadhiwa katika makumbusho ya historia mjini Bonn.

Ukuta ulipoanguka, viwanda vya mashariki vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wengi wa Msumbiji walipandishwa ndege. Waliobaki waliishi kwa hofu. Jorge João Gomondai, aliyekuwa mfanyakazi wa machinjio ya Dresden tangu 1981, alishambuliwa na kundi la vijana wenye chuki ndani ya tramu siku ya Pasaka mwaka 1991, akafariki siku chache baadaye. Waliorudi walifika katika nchi iliyokuwa bado vitani, wakaenda kuulizia akiba yao, wakapewa sehemu ndogo au mikono mitupu. Maputo wanaitwa Madgermanes. Kwa miaka mingi waliandamana mjini, Jumatano baada ya Jumatano, wakipeperusha bendera ya nchi ambayo haipo tena.

Serikali ya Ujerumani imeshikilia kwamba upande wake ulikwisha kamilisha wajibu, na kwamba dai linaihusu Msumbiji. Kisheria huenda jibu hilo likasimama, kimaadili halisimami. Katika mirathi ya Kiislamu madeni ya marehemu hulipwa kabla warithi hawajagusa chochote. Ujerumani ya leo ilirithi majengo, ardhi na reli za jamhuri iliyokufa mwaka 1990. Bidhaa zilizotoka kwenye mikono ya vijana wale ziliuzwa, na faida ikaingia kwenye mali hiyo. Arithiye shamba hawezi kulikana deni la vibarua waliolilima.

Suala hili halijafungiwa katika karne iliyopita. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, na vijana wa Afrika Mashariki wanatazama viwanda vya Ulaya kwa matumaini yaleyale ya mwaka 1979. Tayari upo Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, unaoweka msingi kwamba wakala binafsi asimtoze mtafuta kazi ada. Kinachodaiwa kwa serikali ni cha kutekelezeka: kila kijana asomewe mkataba katika lugha anayoielewa kabla ya kuutia saini, kila makato yatajwe pamoja na jina la anayeyapokea, mshahara uingie kwenye akaunti yake mwenyewe, na ubalozi uwe na afisa ambaye mfanyakazi anaweza kumpelekea hati yake ya mshahara siku yoyote na kuuliza fedha zake zimekwenda wapi.