Kutengeneza

Kwenye gereji moja ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, nilimkuta fundi mzee amechutama mbele ya pikipiki ya umeme iliyogoma. Mikono yake imezoea injini. Akisikia mlio tu, anajua kama ni plagi, ni kabureta au ni ringi zimekwisha. Hii haikuwa na mlio wa kusikiliza. Akazungusha gurudumu, akaushika waya mmoja, akaufuata kwa kidole mpaka ukaingia kwenye kisanduku kilichozibwa pande zote. Kidole kikakoma pale.

“Kijana,” akamwambia mwenye pikipiki, “hii ni nyumba isiyo na mlango.”

Kiswahili kina neno moja, kutengeneza, kwa kazi mbili: kufanya kitu ambacho hakikuwepo, na kukirudishia uzima kilichoharibika. Kuunda tunalo, kukarabati tunalo, na bado ulimi unarudi kwenye kutengeneza. Naamini kuna hekima humo. Aliyefungua kitu, akakielewa na kukirudisha kazini, amekifanya upya. Ameingia katika ukoo wa waliokibuni.

Tukiulizwa eneo letu lina nafasi gani katika vyombo vya usafiri vyenye hewa ukaa kidogo, jibu huanzia mgodini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, nyingi yake katika ukanda wa Kolwezi, ambako wachimbaji huitana kwa Kiswahili. Sehemu kubwa husafishwa Uchina, na jiwe lililotoka likiwa la bei ndogo huuzwa duniani likiwa ndani ya betri ya bei kubwa. Ikiwa nafasi yetu ni kuchimba na kununua tu, basi tumebaki mlango wa nyuma na mlango wa mbele, na chumba chenyewe hatukijui.

Lakini kuna walioingia chumbani. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, na mwaka 2016 likaonyeshwa basi la Kayoola, lenye paneli za jua kwenye paa. Kigali, waendesha pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand hubadilisha betri kwa dakika chache na kurudi kwa abiria. Nairobi, kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, iling’oa injini katika magari ya safari za mbugani na kutia mota na betri mahali pake. Gari kuukuu likatoka jipya. Hapo neno letu lilifanya kazi zake zote mbili kwa mpigo.

Tena chombo cha umeme huwa safi kadiri umeme wake ulivyo safi. Betri inayochajiwa Nairobi hula zaidi mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Ni utajiri ambao nchi nyingi zinazounda magari hayo bado zinautafuta.

Najua kisanduku hakikuzibwa kwa ubaya. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto, na ubunifu wa kampuni ndio mtaji wake. Hata hivyo hatari huzuiwa kwa mafunzo. Umeme wa majumbani nao unaua, na tukawafundisha mafundi wake. Kuna hesabu nyingine pia: kuunda betri kunatoa hewa ukaa nyingi kabla pikipiki haijatembea hata hatua moja. Kila mwaka ambao fundi anaiongezea betri uhai, deni hilo linagawanyika katika safari nyingi zaidi. Anayerekebisha, basi, anasafisha hewa sawa na aliyebuni.

Kwa hiyo nikisikia tunahesabiwa kwa tani za madini na idadi ya pikipiki zilizouzwa, naona kipimo kimekosewa. Chombo huwa chetu siku kinapoharibika mbali na kiwanda, na mtu wa hapo hapo akajua pa kuanzia.

Yule mzee hakumfukuza kijana. Alichukua chaki, akachora ukutani njia ya zile nyaya, mmoja mmoja, akiandika rangi ya kila mmoja. Alipofika kwenye kisanduku alichora mraba, akauacha wazi. Kisha akamwita mwanagenzi wake aje autazame.