Kibao cha Shingoni: biheviorizimu na malezi ya watoto wetu

Wazee wanasema muti unakunjwa ungali mubichi. Ni kweli. Lakini tunamukunja mutoto namna gani, na anabakia na nini mu roho?

Mwaka 1913, Mmarekani John B. Watson aliandika kama saikolojia iache mambo ya moyoni, ishike tabia inayoonekana na kupimika tu. Njia hiyo njo wanaita biheviorizimu. Baadaye B. F. Skinner alionyesha kwamba tendo lenye kufuatwa na zawadi linarudiwa.

Nguvu zake si ndogo. Kwanza, mutoto akishindwa, inatuomba tuangalie sisi waalimu tumefanya nini, mbele ya kumwita mupumbavu. Pili, inaponyesha woga. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza habari za Peter, mutoto mudogo aliyeogopa sungura. Walimuletea sungura pole pole, huku anakula chakula alichopenda, mpaka akamugusa mwenyewe.

Uzaifu wake nimeujua kwa mikono yangu. Miaka ya kwanza ya ualimu wangu, ku masomo tulikuwa na kibao. Mwanafunzi mwenye kusema Kilega mu kiwanja alivalishwa kile kibao shingoni mpaka amukamate mwenzake. Mwenye kubakia nacho saa ya kurudi nyumbani alipigwa fimbo. Tulitaka Kifaransa.

Kama ni kuhesabu tabia, tulishinda: nyuma ya juma mbili Kilega hakikusikika tena. Lakini Kifaransa nacho hakikuja. Kilikuja kimya. Siku moja nyanya mumoja alileta chakula cha mujukuu wake, akamusalimia kwa Kilega mbele yetu. Mutoto akainamisha kichwa, hakuitika. Ule mama akaweka sahani chini, akaenda. Nilipata haya mingi.

Mwaka 1920 Watson na Rosalie Rayner walimutisha mutoto Albert kwa kelele ya nyundo kila alipogusa panya mweupe. Woga wake ukafika mpaka kwa sungura na mbwa. Siye tulitia woga ku lugha, ukafika mpaka kwa nyanya. Daftari letu la azabu halikuonyesha ile, sababu lilihesabu tu kinachoonekana.

Tena lugha haijengwi kwa zawadi na fimbo peke yake. Noam Chomsky alimujibu Skinner mwaka 1959: mutoto anatunga maneno ambayo hakuna mutu aliyemufundisha. Kuko kazi ya akili mule ndani.

Wazee wetu walijua hayo. Mu Bwami ya Balega kulikuwa vyeo, na cheo ni zawadi pia. Lakini mwenye kupandishwa alionyeshwa sanamu pamoja na mezali, kusudi ashike maana. Serikali ya kikoloni ilikataza Bwami mwaka 1948. Ngoma zilizuiliwa, mafundisho hayakufa.

Kibao tulikiacha. Sasa, siku ya tano, wanafunzi wanatega vitendawili kwa Kilega, kisha wanavieleza kwa Kifaransa. Mara ya kwanza walinongʼona tu. Tuliwapigia makofi, tukaenda pole pole, kama na ule sungura wa Peter. Kwa hiyo sisemi tutupe biheviorizimu. Tumusifu mutoto akifanya vema, tumurudie akikosa. Lakini tusisahau kumuuliza: mwanangu, umeelewa nini? Na tungoje jibu lake.