Sala na Bunduki

Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, hata katika mitaa kama Pumwani, jirani ya Gikomba. Siku hizo, msomaji, walikuwapo Wakristo wa Uamsho waliokikataa kiapo cha Mau Mau, wakaikataa na bunduki ya serikali. Usiwaite waoga. Mwoga hutafuta upande wa kujificha, nao walichukiwa pande zote mbili. Baadhi yao waliuawa. Walakini jaribu kubwa zaidi, naona, lilikuwa katika kambi za kizuizini, ambako wamisionari waliwahubiria watu waliofungwa bila kuhukumiwa. Huko sala ilitaka ushujaa mwingine: kuitikia Amina, kisha kumwendea mkuu wa kambi na kumwuliza, “Huyu amekosa nini?”