Ngumi Inayojua Kurudi

Mwalimu wa shule ya msingi, nina ombi ambalo huenda hujawahi kuletewa: wafundishe wanafunzi wako ndondi. Anza na darasa la tatu, wavulana na wasichana pamoja, hapo hapo kwenye uwanja wa paredi. Na tangu somo la kwanza hadi la mwisho, asiwepo mtoto hata mmoja atakayempiga mwenzake.

Najua kinachokujia. Tayari unawaona wakitwangana nyuma ya vyoo saa ya mapumziko. Unamsikia mzazi akifoka ofisini kwa mwalimu mkuu, akiuliza kama mwanawe kaja kusoma au kaja kung'olewa meno. Hofu hiyo ni ya haki. Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakiyumba na kupotewa na akili kwa sababu ya makonde ya kichwani, na utafiti uliofuata umezidi kuthibitisha madhara hayo. Kwa hiyo kichwa cha mtoto hakiguswi. Hakuna "kidogo tu", hakuna "leo tujaribu mara moja". Lakini hebu ondoa kupigana, kisha tazama kinachobaki: miguu inayojua pa kukanyaga, pumzi, macho makini, masikio yanayosikia amri, na mkono unaomtii mwenyewe. Hicho kinachobaki ndicho ninachokipigania.

Anayedhani ndondi ni ubabe na amwangalie Philip Waruinge wa Kenya. Katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 aliondoka na medali ya shaba. Dhahabu zilikwenda kwa wengine, na mmoja wao alikuwa George Foreman, jitu la uzito wa juu ambalo dunia nzima ilikuja kulijua. Hata hivyo Kombe la Val Barker, la bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote, alikabidhiwa Waruinge. Miaka minne baadaye, mjini Munich, akaongeza medali ya fedha. Mkenya mwenzake, Robert Wangila, akaleta dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988, na Michael Yombayomba wa Tanzania akatwaa yake katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur, mwaka 1998. Ni watoto wangapi darasani kwako wanaoyajua majina hayo? Wasimulie. Ni historia yao.

Sasa tuingie uwanjani. Unahitaji kipindi cha dakika 40 na chaki. Wapange watoto kwa nafasi, kila mmoja akinyoosha mikono asimfikie jirani, na umchoree kila mtoto duara lake. Asiyetumia mkono wa kushoto kuandika atangulize mguu wa kushoto. Mwenye shoto atangulize wa kulia, na asicheke mtu. Magoti yalegee kidogo, kisigino cha nyuma kiinuke, kidevu kishuke, mikono ipande mashavuni, viwiko vikae karibu na mbavu. Kunja ngumi: kidole gumba kibaki nje, kisifunikwe na vidole vingine. Tembea: mguu ulio upande unakokwenda ndio unaotangulia, na miguu isipishane kamwe. Kwa hayo tu utamaliza wiki mbili, wala usione haraka. Mtoto aliyekuwa akijikwaa kila hatua ataanza kusimama kwa namna ambayo hata mama yake ataiona.

Kisha zije ngumi, zote hewani. Moja ni ya mkono wa mbele, mbili ni ya mkono wa nyuma, nayo nguvu yake inaanzia kwenye unyayo, inapita kiunoni, ndipo inafika begani. Ita kwa namba: "Moja! Moja, mbili!" Wakizoea, wape hesabu: "Tisa toa sita!" Darasa zima lirushe ngumi tatu na kunyamaza. Atakayerusha nne kila mtu atamwona, na atahesabu tena bila kuambiwa. Kama shule ina ngoma, ipigwe. Mdundo utawapa kasi na wewe utapumzisha koo. Funga kamba kati ya miembe miwili, usawa wa mabega yao, wapite chini yake huku na huku kwa kukunja magoti bila kuinamisha uso. Wawili wawili wasimame mbali, hatua nne kati yao, mmoja aongoze na mwingine aige kila anachofanya, kama kioo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumtoa jasho. Hapa jasho litatoka, na hakuna atakayebaki pembeni kwa sababu hajui kupiga mpira.

Lakini kiini cha somo lote ni amri moja: "Simama!" Ukiitamka, kila ngumi ikome hapo hapo ilipofika na irudi shavuni. Irudie amri hiyo kila siku, wakiwa wamechoka, wakiwa wamechangamka, wakiwa wameudhiana. Bondia yeyote atakwambia kwamba ngumi isiyorudi upesi humwacha wazi aliyeirusha. Kwa mtoto wa miaka tisa, ngumi inayorudi ni ushahidi kwamba yeye ndiye bwana wa mkono wake. Ni watu wazima wangapi, katika nyumba zetu, ambao mkono wao ukishainuka hawana tena uwezo wa kuurudisha? Wake zao wanajua. Watoto wao wanajua. Mimi naamini kwa dhati kwamba mtu huyo tungeweza kumwahi akiwa darasa la tatu.

Ndiyo maana nasema, mwalimu, fimbo iache. Atakayesimamia somo hili akiwa na fimbo mkononi amelifuta kabla hajaanza, kwa sababu watoto husoma mkono wa mwalimu kabla hawajasikia sauti yake. Sheria itoshe: atakayemrushia mwenzake ngumi, uwanjani au nje ya uwanja, atakaa nje ya somo lifuatalo. Kwa mtoto anayelipenda somo, hiyo ni adhabu kubwa.

Na wasichana wasiachwe wakatunze madaftari ya wenzao. Ndondi za wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 2012 mjini London, na Kenya ilikuwepo, ikiwakilishwa na Elizabeth Andiego. Binti anayejua kusimama imara, kuinua mikono kulinda uso na kutoa sauti toka tumboni amepata kitu atakachotembea nacho njia nzima ya kurudi nyumbani.

Vifaa visikuzuie. Baadaye mtataka begi la kupiga. Kiroba kigumu kilichoshindiliwa nguo kuukuu kinafaa. Mchanga usitie, utaumiza viwiko na vifundo. Kiroba hicho kipigwe mbele yako tu, mtoto mmoja kwa zamu. Kama karibu nanyi kuna bondia mstaafu mwenye sifa njema, mwalikeni, ila mwalimu asiondoke uwanjani.

Wiki hii zungumza na mwalimu mkuu. Itisha wazazi, waonyeshe somo zima kwa macho yao, wao wenyewe wasimame kwenye maduara ya chaki wajaribu. Waahidi mbele ya watoto kwamba hakuna atakayeguswa, na uitimize ahadi hiyo kila kipindi. Halafu chukua chaki, toka nje, uanze.