Mtegemea cha Nduguye, na Ndugu Mwenyewe

Kuna methali ambayo sisi wapenzi wa seva za nyumbani tungeichapisha kwenye fulana kama tungekuwa na pesa za fulana: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tunaipenda kwa sababu inatupa haki. Picha zako ziko kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Barua pepe zako pia. Siku akipandisha bei au akifunga akaunti yako, utamlilia nani? Basi tafuta kompyuta kuukuu, iweke chini ya kitanda, iunganishe na ruta, uwe bwana wa mali yako.

Niliishi na methali hiyo mwaka mmoja na nusu bila kuihoji. Leo nina swali ambalo yenyewe haiulizi: na huyo ndugu anayetegemewa, yeye anadaiwa nini?

Machi 2023 nilikuwa nakaa Kahawa West, keja ya chumba kimoja, orofa ya nne. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa tatu karo iliponishinda, na kitu pekee nilichotoka nacho ni ukaidi wa kutaka kujua vitu vinavyofanya kazi. Pale Luthuli Avenue nilipata laptopu iliyopasuka kioo kwa shilingi elfu sita, na diski ya terabaiti 2 ambayo muuzaji aliapa kwamba haijatumika sana. Nikaweka Linux, nikaweka programu huria ya kuhifadhi picha, nikakaa usiku kucha nikitazama taa ndogo ya kijani ikipepesa. Msee, usiku ule nilijiona kama nimefuzu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mathe.

Mama anaishi Nakuru, na simu yake ilikuwa imejaa. Hadi mwisho wa Mei 2021, Google Photos ilikuwa inahifadhi picha bila kikomo mradi ukubali zipunguzwe ubora kidogo. Kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo, kila picha mpya ikawa inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure. Sisemi ni dhambi. Ni biashara. Lakini Mama alikuwa akiona ujumbe kwamba nafasi imeisha na akadhani ameharibu simu. Nikamwambia, "Mama, usilipe mtu. Nitakuwekea zako mwenyewe."

Kwenye simu hiyo kulikuwa na picha za Baba, aliyefariki 2019. Kulikuwa pia na ujumbe wake wa sauti, kama sekunde arobaini, anamuuliza Mama kama mahindi yameshasagwa, kisha anakohoa, kisha anacheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Hakuna la maana analosema. Mama alikuwa akiusikiliza Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Nilihamisha kila kitu. Halafu, kwa vidole vyangu mwenyewe, nikafuta kwenye simu yake ili apate nafasi. "Sasa ni zetu," nikamwambia. Akasema, "Asante, mwanangu." Hakuuliza swali hata moja, na mimi nikachukua ule ukimya kama imani.

Acha nikueleze kile "zetu" ilikuwa inamaanisha, maana hapo ndipo uongo ulikuwa, na wa kwanza kudanganywa nilikuwa mimi.

Intaneti ya nyumbani tunayouziwa mitaani imetengenezwa ili upokee. Kutoa ni shida. Kila kifaa kinachotaka kupatikana mtandaoni kinahitaji anwani, na mfumo wa zamani wa anwani, ule wa IPv4, una takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Hazina kuu ya anwani hizo iliisha Februari 2011. Kwa hivyo kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama ploti yenye vyumba themanini na sanduku moja la posta. Ukitaka kutuma barua, hakuna taabu. Lakini mtu wa nje akiandika jina la ploti peke yake, barua haijui iende mlango gani. Nilipiga simu kuomba anwani yangu peke yangu, nikaambiwa ipo, ila ni ya wateja wa biashara, na bei yake ilikaribia nusu ya kodi yangu ya nyumba.

Nikafanya kile wengi wetu hufanya. Nikakodi kipande kidogo cha kompyuta Ujerumani, chini ya shilingi elfu moja kwa mwezi, kiwe mlango wangu. Mama akifungua picha akiwa Nakuru, ombi lake linasafiri hadi Ujerumani, linarudi Kahawa West, linachukua picha, linaenda tena Ujerumani, ndipo linarudi Nakuru. Kati yake na mimi ni kilomita 160 hivi za barabara.

Kuna historia inayonifanya nione aibu kidogo hapo. Mwaka 2000, mafundi wa mtandao wa Nairobi walianzisha KIXP, kituo cha kampuni za intaneti kubadilishana data hapa hapa, kwa sababu ujumbe wa kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mwingine ulikuwa unapanda setilaiti na kuzunguka ng'ambo kabla ya kufika. Mamlaka ya mawasiliano ilikifunga. Walipigania hadi kikafunguliwa tena 2002. Watu walihangaika ili data ya Kenya isitembee bure ughaibuni, na mimi, kwa jina la uhuru, nikairudisha kule.

Vile vile, uhuru wangu ulikuwa na wadhamini wengi ambao sikuwahi kuwashukuru. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima. Laptopu iliendelea kwa betri yake, lakini ruta ilikufa papo hapo, kwa hivyo nilikuwa na seva nzima inayowaka gizani na isiyoongea na mtu. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na picha za Baba, zilizokuwa chini ya kitanda changu, zikawa zinafunguka kwa mwendo wa kobe. Zaidi ya stima na nyaya kulikuwa na watu nisiowajua, wanaoandika programu hizi bure usiku baada ya kazi. Kulikuwa na mwenye ploti, aliyekuwa na uwezo wa kunitoa kwa notisi ya mwezi mmoja. Yaani sikuwa nimeacha kutegemea. Nilikuwa tu nimebadilisha orodha ya ninaowategemea, na mwisho wa orodha hiyo nikamning'iniza mama yangu.

Diski ilikufa Agosti 2024. Stima ilikuwa imekuja na kwenda mara kadhaa wiki hiyo, lakini sitaki kusingizia stima. Ilikuwa diski kuukuu na mimi nilikuwa mvivu. Nakala ya akiba nilikuwa nayo, ndiyo. Ilikuwa kwenye diski hiyo hiyo, kwenye folda nyingine. Ukicheka nakuelewa.

Fundi wa River Road alijaribu siku mbili. Baadhi ya picha zilipatikana kwa shangazi, ambaye kwa bahati hafuti kitu chochote kwenye simu yake. Sauti ya Baba haikupatikana.

Nilisafiri hadi Nakuru kumwambia, kwa sababu jambo kama hilo huliambii mama kwa simu. Nikaeleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho bado kinanikosesha usingizi: "Nilijua. Zilikuwa zinakataa kufunguka kama wiki tatu hivi. Nyingine zinakuja nusu."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilijua una mambo yako. Sikutaka ufikiri sishukuru."

Wiki tatu. Diski inayokufa polepole ndivyo hufanya: inakataa kidogo hapa, kidogo pale. Angenipigia siku ya kwanza, karibu kila kitu kingeokolewa kwa jioni moja. Kumbuka pia kwamba huyu ni mama ambaye, mtandao wa simu ukikosea shilingi ishirini za bando, hupanga foleni kwenye duka la huduma hadi arudishiwe. Hawaogopi wale. Kwa mwanawe alinyamaza.

Rafiki zangu wa seva wana jibu la haraka kwa hadithi hii: ungeweka nakala sehemu tatu. Wako sawa, na nitarudi hapo. Lakini hilo ni jibu la diski. Swali la Mama halijaguswa.

Kampuni kubwa haikupendi. Ndiyo maana unaweza kuilalamikia. Ubaridi wake una faida moja: unakupa ruhusa ya kukasirika, kudai risiti, kuhama bila kuaga. Mimi nilipomtoa Mama kwa kampuni, nilidhani namwondolea mnyonyaji tu. Kumbe nilimwondolea pia haki ya kulalamika. Huduma yangu ilikuwa zawadi, na zawadi kwetu hailalamikiwi. Chakula cha mgeni kikikosa chumvi, mgeni husema kitamu. Mama alikuwa anasema kitamu kwa wiki tatu.

Sheria haiwezi kunisaidia hapa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayabana mashirika yanayoshika habari zetu, lakini inamwachilia mtu binafsi anayeshughulikia data kwa mambo yake ya nyumbani. Nadhani ni sawa iwe hivyo, sitaki serikali ikague albamu za familia. Ila maana yake ni kwamba pale sheria inapoishia, kilichobaki ni dhamiri yangu, na dhamiri yangu ilikuwa bize ikijipongeza.

Na kuna jingine gumu zaidi kulikiri. Je, nilifanya haya kwa ajili ya Mama? Kwa sehemu. Kwa sehemu nyingine nilikuwa kijana aliyeacha chuo anayetaka kitu kimoja kifanye kazi, na mtu mmoja akione. Nilitumia kumbukumbu za mjane kufanya mtihani wangu wa mwisho. Hatari nilijua ipo, diski ilikuwa na miaka yake. Yeye hakujua, kwa hivyo ile "asante, mwanangu" haikuwa ridhaa. Huwezi kumkubalia mtu hatari ambayo hujaonyeshwa.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Ndugu anayetegemewa anadaiwa ukweli kabla ya yote: hiki nitakishika, hiki naweza kukipoteza. Kisha anadaiwa kumrudishia anayemtegemea ile haki ya kulalamika na kuondoka, kwa makusudi, kwa maneno, kwa sababu upendo wenyewe utaificha. Asiyeweza kufanya hivyo aweke seva yake mwenyewe, afurahi nayo, aache za wengine.

Sijarudi kwa methali nikaitupa. Nimegundua tu kwamba hata sheria ya seva zenyewe inaipinga. Kanuni ya akiba ambayo kila mpenzi wa seva huhubiriwa inasema: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine kabisa. Mahali pengine ni wapi? Kwa mtu. Nyumba yako ikiungua au ikivunjwa, chako kitapona tu kama kiko kwa nduguyo. Sasa nina rafiki Rongai. Diski yangu moja iko kwake, yake iko kwangu, zote zimefungwa kwa nenosiri, hakuna anayeweza kusoma ya mwenzake. Kila mwezi tunaulizana: bado inazunguka? Nakala ya tatu iko kwa kampuni, na mimi ndiye ninayelipa. Kiburi kiliuma, lakini hakikuuma kama ile safari ya Nakuru.

Mama nilimwandikia karatasi kwa mkono. Iko ukutani, kando ya kalenda. Inasema kilichopo na kilipo, namba ya rafiki wa Rongai nikigongwa na boda, na jinsi ya kuhama bila mimi. Chini nimeandika kwa herufi kubwa: IKIKATAA, PIGA SIKU HIYO HIYO. Nilimwambia kutonipigia ndiko kutonishukuru. Aliniangalia kama mtu anayefikiria kama aamini.

Juzi Jumamosi, saa tano usiku, simu ililia. Ni yeye. Hakunisalimu, hakuuliza kama nimekula. "Hii kitu yako imelala tangu saa mbili," akasema, na sauti ilikuwa ile ile anayoenda nayo kwenye foleni ya shilingi ishirini.

Nilikuwa kitandani. Nikawasha taa, nikainama kutafuta waya.