Tembeeni muone: Mafunzo kutoka nchi ya ubani



Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba wake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Kiyama.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, kuna agizo moja ndani ya Qur'an ambalo sisi wakazi wa mijini tunalisoma sana na kulitekeleza kidogo mno. Ni agizo la kutembea. Katika Suratul-Ankabut (29:20) Allah anamuagiza Mtume Wake awaambie watu watembee katika ardhi, watazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Katika Suratur-Rum (30:9) anawauliza wanaokanusha kama hawajatembea wakaona mwisho wa watu waliowatangulia, waliokuwa na nguvu kuliko wao na walioilima ardhi na kuistawisha kuliko wao. Na katika Suratul-Hajj (22:46) anaeleza faida ya safari hizo: nyoyo zipate kufahamu na masikio yapate kusikia, kwani upofu ulio mbaya si wa macho bali ni wa nyoyo zilizomo vifuani.

Mwanafunzi wangu mmoja wa darsa la jioni aliwahi kuniuliza: "Ustadh, Muislamu anayepanda milima na kutembelea magofu anafanya ibada au anaiga Wazungu?" Jibu ni kwamba inategemea amekwenda kutazama nini na amerudi na nini. Naomba nilifafanue jibu hilo kwa safari niliyoifanya Septemba 2023 katika nchi ya Dhofar, kusini mwa Oman, nikiwa na mtoto wa ami yangu anayeishi Salalah. Tulitembea kwa miguu siku kadhaa, milimani, kando ya mahori na katika magofu.

Nimeichagua Dhofar kwa sababu ina uhusiano na sisi. Upepo ule ule tunaouita kusi, baada ya kupita kwetu huvuka bahari na kugonga milima ya Dhofar iliyosimama karibu na pwani. Hapo huzaa msimu wanaouita kharif, kuanzia kiasi cha tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba. Kwa miezi mitatu milima hufunikwa na ukungu na manyunyu, ikawa kijani kibichi, wakati sehemu kubwa ya Bara Arabu inaungua kwa jua. Ukivuka mgongo wa milima kwenda kaskazini, kijani kinakatika, unaingia jangwani. Wanadamu hawakulipanga hilo.

Katika Suratul-Ghashiya (88:17-20) Allah anatutaka tuangalie vitu vinne: ngamia namna alivyoumbwa, mbingu namna zilivyoinuliwa, milima namna ilivyosimamishwa, na ardhi namna ilivyotandazwa. Mwalimu wa mjini huzifundisha aya hizi kwa chaki ubaoni. Siku ile, bonde la Darbat, nilikuwa nazo mbele yangu zote nne kwa pamoja: ngamia wanachunga, ukungu unafunguka mbingu inaonekana, mlima uko nyuma yangu, na chini kabisa ardhi tambarare inaelekea baharini.

Nikajifunza pia jambo la maji. Mvua ya kule ni ndogo. Lakini majani ya miti ya milimani hunasa matone ya ukungu, matone yakaungana, yakadondoka chini na kuingia ardhini. Msitu unaukamua ukungu na kuwapatia watu maji. Mti ukikatwa, au mifugo ikizidi hadi miche isikue, ukungu unapita na maji yake. Ndiyo maana Mtume (SAW) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Imam Ahmad, kuwa hata Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, basi akiweza aupande.

Hapo Darbat tuliona jambo lililotuumiza. Familia kadhaa zilikuja kupumzika. Wakati wa Adhuhuri wakasimama, wakaswali kwa jamaa, safu zimenyooka vizuri. Baada ya chakula wakaondoka, wakaacha mifuko ya plastiki, chupa na masufuria ya karatasi ya bati pale pale walipokuwa wamesujudu. Mzee mmoja mchungaji akaja taratibu na fimbo yake, akaanza kuokota. Tukamsaidia. Akatuambia kwa Kiarabu: "Wanangu, ngamia wangu alikufa mwaka jana. Tulipompasua tumbo tulikuta mifuko."

"Pole sana, ami," akasema ndugu yangu. "Walioacha ni nani?"

"Ni watu wanaoswali," akajibu yule mzee, akaendelea kuokota.

Ndugu Muislamu, maneno hayo yanatosha kuwa khutba. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (SAW) ametuonya tujiepushe na mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, katikati ya njia na kwenye vivuli. Kama kinyesi kinachooza kwa siku chache kimekatazwa hivyo, tuseme nini juu ya plastiki isiyooza, iliyoachwa kivulini kando ya maji?

Tukashuka na bonde hadi pwani, mahali panapoitwa Khor Rori. Neno hilo khor ndilo hori letu, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Dhofar ina mahori kadhaa ya namna hii, ardhioevu ambapo maji ya mlimani hukutana na bahari, kuna matete na samaki, na ndege wahamao hutua kupumzika. Serikali ya nchi ile iliyatangaza mahori ya pwani ya Dhofar kuwa hifadhi mwaka 1997.

Juu ya hori hilo kuna magofu ya mji wa Sumhuram. Uliasisiwa na wafalme wa Hadhramaut kiasi cha karne ya tatu kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (AS), na maandishi ya kale ya Arabia ya Kusini bado yamo kwenye mawe ya lango lake. Utajiri wake ulikuwa ubani. Gome la mti wa ubani hukwanguliwa, utomvu hutoka kama machozi, huganda, kisha huvunwa baada ya majuma machache. Mti bora zaidi humea upande mkavu, nyuma ya milima, usikofika ukungu. Ubani huo ulichomwa kwenye mahekalu ya Roma, Misri na kwingineko, na huko Sumhuram wachimbuzi wamekuta vyombo kutoka India na nchi za Bahari ya Kati. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza unaieleza pwani hiyo ya ubani, na unaieleza pia pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hatukuwa watu wa pembeni wakati huo.

Watu wa Sumhuram waliabudu mungu waliyemwita Sin. Kuta zao zilikuwa nene. Lakini mdomo wa hori ulizibwa na mchanga, meli zikashindwa kuingia, na kufikia karne ya tano mji ulikuwa umehamwa. Bandari iliyotajirika kwa biashara ya bahari ilifungwa na chembe za mchanga zilizokuwa zinakuja kidogo kidogo.

Hapa lazima tuwakumbuke kina Aad, kaumu ya Nabii Hud (AS). Qur'an inataja kuwa Nabii Hud aliwaonya watu wake huko Ahqaf, kwenye vilima vya mchanga (46:21), na wafasiri wengi wamepataja kuwa ni kati ya Oman na Hadhramaut. Kaskazini mwa milima ya Dhofar, ukingoni mwa jangwa kuu, kuna kisima na ngome iliyodidimia pahala paitwapo Shisr. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilitangazwa kwa kishindo kuwa ndio mji uliopotea wa Ubar, wengine wakasema ndio Iram yenyewe. Wataalamu wamebishana na bado hawajaafikiana. Muislamu hana haja ya kuvutana juu ya jiwe. Tuliyobainishiwa ni sababu ya kuangamia kwao: walijenga alama juu ya kila mwinuko kwa upuuzi, wakajitengenezea majumba kana kwamba wataishi milele, na wakiwakamata watu waliwakamata kwa ujabari (26:128-130). Kisha ukaja upepo mkali, masiku saba na siku nane (69:6-7).

Yupo atakayesema: hao walikuwa makafiri, sisi tunaswali. Basi na tusogee hadi mji wa Waislamu. Ufukweni hapo Salalah yapo magofu ya Al-Baleed, ambao ndio mji wa Zafar wa zamani, pamoja na mabaki ya nguzo za msikiti wake mkubwa. Ibn Battuta alifika Zafar mwaka 1331. Alitokea wapi? Alitokea Kilwa! Alipanda jahazi kutoka kwetu hadi huko.

Na aliondoka Kilwa akiwa na habari gani? Mfalme wa Kilwa wakati huo alikuwa Al-Hasan bin Sulaiman. Wanahistoria wanamnasibisha na kasri la Husuni Kubwa, lenye birika la kuogea la pembe nane, ambalo ujenzi wake haukukamilika. Lakini Ibn Battuta alimkumbuka kwa jambo jingine. Anasimulia kuwa siku ya Ijumaa, baada ya swala, fukara kutoka Yemen alimsimamisha mfalme njiani akamuomba nguo alizovaa. Mfalme akarudi, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Kisha fukara yule akaongezewa mali, zikiwemo pembe za ndovu. Watu walimpa mfalme huyo lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa sana. Leo kasri ni gofu, miti inaota ndani yake. Nguo ile ilishaoza karne nyingi zilizopita, lakini sadaka yake bado inasimuliwa, na malipo yake kwa Allah hayapotei.

Tunajifunza nini katika yote haya?

Kwanza, tutembee kwa adabu ya Mtume (SAW). Alipopita Hijri, makazi ya Thamud, akielekea Tabuk mwaka wa tisa Hijria, aliwakataza Masahaba kuingia kwenye makazi ya walioadhibiwa isipokuwa wakiwa wanalia. Hakwenda pale kustarehe. Dhofar yapo makaburi yanayonasibishwa na Mitume, na wapo wanaokwenda kuwaomba waliozikwa humo. Kwetu nako hufanyika hivyo kwenye makaburi ya kale, na ubani wenyewe tumeugeuza chakula cha majini kwa waganga. Kaburi linazuriwa ili tukumbuke Akhera na tumuombee maiti. Anayeombwa ni Allah peke Yake.

Pili, ardhi ni amana. Wakazi wa Dar es Salaam tunalo hori letu na ardhioevu yetu, Bonde la Msimbazi. Tunatupa taka mitaroni, tunajenga njia ya maji, kisha mvua za masika zikijaza nyumba tunasema ni qadar. Qadar ni haki, lakini mfuko uliouziba mtaro tuliutupa kwa mikono yetu. Sumhuram ilizibwa na mchanga wa bahari. Sisi tunajiziba wenyewe.

Tatu, tuwe na kiasi katika kutafuta. Wazee wa ubani wanasema mti ukikwanguliwa miaka kadhaa lazima upumzishwe. Ukikwanguliwa bila kupumzishwa unakufa, na aliyetaka kingi hukosa vyote. Na tuzitazame nyumba zetu za ghorofa zinazoota kila mtaa. Kujenga si haramu. Lakini kama ghorofa limepanda na yatima wa ukoo huo amefukuzwa shule kwa kukosa ada, basi tusome tena habari ya Aad, kwani inatuhusu.

Nne, tuwapeleke watoto wetu. Familia nyingi za Kiislamu mjini zinaweka akiba kwenda kununua bidhaa Dubai, lakini hazijawahi kufika Kilwa Kisiwani, wala Kaole iliyo jirani na Bagamoyo, wala Tongoni mkoani Tanga. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyaokoa. Misikiti ile ni ya babu zetu katika dini. Mtoto asiyeiona ataambiwa kuwa Uislamu hapa ni mgeni wa jana, naye ataamini.

Madrasa zetu zinaweza kuanza na safari moja kwa mwaka. Watoto, wavulana kwa wasichana, watembee kwa miguu pamoja na walimu na wazazi wao, waswali kwa wakati, wasome aya husika mbele ya magofu, na wasiondoke hadi waokote taka zao na za waliowatangulia. Hilo litakuwa darsa wasilolisahau.

Tunamuomba Allah atujaalie nyoyo zenye kufahamu na macho yenye kuzingatia, atuhifadhie maji na misitu yetu, na wala asitufanye sisi kuwa mazingatio kwa watakaokuja baada yetu.

Wabillahi tawfiq.